Mti wa Krismasi unakauka uani: kuujua na kuutibu kwa sisi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Masika yakiisha na Juni ikaingia, simu yangu huanza kuita kwa jambo lilelile. "Fundi, mti wangu wa Krismasi unakauka, nimwagie dawa gani?" Natunza kitalu cha miche huku Nyegezi, na jibu langu la kwanza siku zote ni swali: mti gani huo? Wapo wanaoudhika, wanaona nawazungusha. Lakini kwa jina hilohilo nimeshapelekwa kuangalia miti sita isiyofanana tabia. Unaopenda maji upo, unaokufa kwa maji upo, na upo ambao ukiukata vibaya mara moja hautasamehe maisha yake yote. Ukiutibu kabla hujaujua, unacheza bahati nasibu na mti uliokulia miaka kumi.

Kwa hiyo tuanze na kuutambua. Usiruke sehemu hii hata kama una haraka.

Ujue kwa mkono

Kwa mbali yote ni mirefu, ya kijani kibichi mwaka mzima, imechongoka juu. Sogea, chuma kijani kimoja, kipapase.

Mti wenyewe wa kwenye kadi za Krismasi, ule wa nchi za theluji, wataalamu wanauita Abies. Kiswahili hakijaupa jina la peke yake. Wengi huuchanganya humohumo na misonobari. Sindano zake ni bapa, zimetoka moja moja kwenye kijiti, na ukiichomoa inaacha kovu safi la duara. Koni zake zinasimama wima juu ya tawi kama mishumaa, na zikikomaa hupukutika magamba hukohuko juu, kwa hiyo huzikuti nzima chini ya mti. Upo mmoja, Abies grandis wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, unaozidi mita 70. Hata Afrika ipo jamii yake, lakini ni kwenye milima ya Algeria na Morocco ambako majira ya baridi ni ya kweli. Vichipukizi vyake vinahitaji wiki nyingi za baridi ndipo viamke, na mbegu zake nazo zinahitaji kulazwa kwenye unyevu na baridi karibu na ile ya friji kabla hazijaota. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Baridi hiyo hatuna. Basi ukiwa umeagiza mbegu za Abies mtandaoni na hazioti, au zimeota na mche ukagoma kwenye urefu wa kidole, tatizo si mikono yako. Acha, panda kingine. Na mtu akikuuzia mche mkubwa barabarani akisema ndio huo, jua ni mmoja wa hawa wanaofuata.

Araukaria ndio ninaoukuta mara nyingi kwenye nyumba za Capri Point na Isamilo. Matawi yake yamepangwa kwa tabaka: manne hadi saba yanatoka mahali pamoja kuzunguka shina, halafu pengo, halafu duara jingine juu yake, kama ngazi. Ukiutazama kutoka ghorofani unaona nyota. Majani ya mti mchanga ni laini, yamepinda kidogo kuelekea ncha. Kwao ni kisiwa cha Norfolk, kati ya Australia na New Zealand, kisiwa ambacho James Cook alikifikia mwaka 1774, na huko unapita mita 50. Haudai baridi. Kwangu mimi, ukitaka sura ile ya mti wa Krismasi hapa kwetu, huu ndio wa kupanda.

Msaiprasi hauna sindano. Jani lake ni magamba madogo yaliyolaliana kwenye kijiti, ukipapasa ni kama kamba iliyosukwa, ukifikicha linanukia. Koni ni za duara, ukubwa wa gololi. Jina lake la kitaalamu, Cupressus lusitanica, linasingizia Ureno, lakini asili yake ni Mexico na Guatemala. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina mberoshi. Ni ukoo huohuo. Mtuja, mdogo wake anayependwa kwenye malango, ana magamba vilevile ila matawi yake ni bapa na yamesimama wima kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa.

Msindano, ambao wengine wanauita mpaini au msonobari, una sindano ndefu zilizofungwa pamoja kwa kikonyo kimoja. Zihesabu. Pinus caribaea, unaostahimili joto la huku kwetu, huwa na tatu, mara nyingine nne au tano. Pinus patula nao una tatu, lakini ni laini na zinaning'inia kama nywele. Huo ni mti wa nyanda za juu, wa Mufindi, na ukiupanda Igoma utakusumbua tu.

Mvinje unawadanganya wengi. Shika kile unachokiona kama sindano, vuta taratibu kwa ncha zote mbili: kikiachana kwenye viungo vidogo kama vipande vya muwa, huo ni mvinje, na wala hauko kwenye ukoo wa miti ya koni. Ashoki una majani mapana yenye mawimbi pembeni. Umbo lake tu ndilo linalofanana na mnara. Tena wapo wanaouita mkrismasi ule mti wa maua mekundu unaochanua Desemba. Ukipiga simu kwa fundi, mweleze jani, usimtajie jina.

Sasa dalili.

Msaiprasi unakuwa kahawia kuanzia ndani

Hii ndiyo kesi ninayoitiwa kuliko zote, na ina sababu tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza si ugonjwa. Majani ya zamani karibu na shina hufa kwa kukosa mwanga. Ukifunua tawi ukaona ukahawia uko ndani tu, umezunguka shina pande zote sawasawa, na ncha za nje ni za kijani kibichi, funika, rudi ndani ukanywe chai.

Ya pili ni vidukari wa msaiprasi. Mdudu huyu alionekana mara ya kwanza katika ukanda wetu huko Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 alikuwa ameshafika Kenya. Aliangusha misaiprasi mingi sana Afrika Mashariki, na hata mtarakwa wetu wa asili hakuuacha. Mtafute kwenye panda za matawi na kwenye vijiti vyenye gome laini: ana rangi ya kahawia yenye ukijivu, ukubwa wa punje ya ufuta, na wanakaa kwa makundi. Mara nyingi huwaoni wao kwanza. Unaona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina kwa mstari, unaona majani yananata, kisha ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Umajimaji huo mtamu unatoka kwao. Sisimizi wanaufuata na masizi yanaota juu yake. Ukahawia wake hauna mpangilio: tawi hili limekufa hadi nchani, jirani yake zima.

Ukiwawahi, maji ya mpira yenye nguvu yakipigwa ndani ya matawi asubuhi kwa siku kadhaa huwaangusha wengi. Baada ya hapo nyunyizia maji ya sabuni, vijiko vinne vya chakula vya sabuni ya maji kwa lita tano, jioni jua likiwa limepoa. Jaribu kwanza tawi moja, ungoje siku mbili. Kwa mti mkubwa usiofikika, kuna dawa zenye imidaklopridi zinazomwagwa kwenye mizizi na kupandishwa na utomvu. Zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Soma kibandiko na ufuate kipimo chake, na usimwage karibu na kisima wala kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Samaki wa Mwanza wote wanakunywa maji ya mitaro yetu.

Mti uliokufa zaidi ya nusu sitakudanganya. Ukate, uchome matawi, usiuache ukawa kitalu cha wadudu wa mtaa mzima.

Ya tatu ni mkasi. Msaiprasi na mtuja havichipui kwenye sehemu ya tawi isiyo na majani. Kijana wa bustani akipunguza ua akaingia ndani hadi kwenye kahawia, pale patabaki pakavu hata ukamwagia samadi ya ng'ombe mia. Mama mmoja wa Isamilo alinipeleka kuona ukuta wake wa misaiprasi wa mita 30, upande wa barabara wote umekuwa mifupa. Hakukuwa na mdudu hata mmoja. Nilichoweza kumshauri ni kuacha ncha za juu zishuke kufunika, na kupanda mimea mingine mbele ya mapengo. Kata kidogo, kata mara kwa mara, acha kijani kwenye kila kijiti unachokikata.

Miche ya msindano imedumaa, imekuwa ya njano au ya zambarau

Umeotesha misindano kwenye viriba, imeota vizuri, ikafika urefu wa kiganja, kisha ikasimama. Unamwagilia, unaweka mbolea, wapi. Sindano zinapauka, nyingine zinaingia uzambarau.

Msindano hauishi peke yake. Mizizi yake inashirikiana na kuvu waitwao mikoriza, ambao wanaivika kama soksi na kuifikishia fosforasi na maji ambayo yenyewe isingeyafikia. Udongo wetu wa Mwanza, mahali ambapo msindano haujawahi kuota, hauna kuvu hao. Miti ililetwa kutoka ng'ambo bila rafiki yake. Waliokuwa wakianzisha mashamba ya misindano Afrika Mashariki walikutana na tatizo hilihili, na dawa ikawa kuchukua udongo wa chini ya misindano mikubwa na kuuchanganya kwenye vitalu. Mpaka leo ndiyo dawa.

Fukua ile tabaka nyeusi chini ya sindano zilizooza, mahali pasipokauka. Ukanda wetu una mashamba ya serikali yenye misindano, Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa. Omba ruhusa, chukua gunia moja tu. Changanya sehemu moja ya udongo huo na sehemu nane au tisa za udongo wako. Kwa miche iliyokwisha kudumaa, toboa vishimo kandokando kwa kijiti, jaza, mwagilia. Usiukaushe juani ukisafirisha, maana utakuwa umewaua hao unaowafuata. Mbolea ya chumvichumvi punguza kabisa. Baada ya miezi miwili au mitatu chomoa mche mmoja utazame: ukiona vijizizi vimenenepa ncha, vimegawanyika kama uma na vina utando mweupe, usiogope kwamba ni ugonjwa. Hapo rafiki amefika.

Miche midogo zaidi, ya wiki chache, inayoanguka ikiwa imenyongwa pale inapotoka ardhini, hiyo ni kinyausi. Maji mengi, kivuli kingi, miche imebanana. Punguza vyote vitatu, na mbegu za safari ijayo zioteshe kwenye mchanga safi.

Mche ulikuwa mzima jana, leo umelala

Uvute. Ukitoka mikononi kama fimbo, hauna mizizi, au shingo yake chini ya udongo imetafunwa na kupakwa tope, ni mchwa. Misindano na mivinje michanga ndiyo chakula chao cha kiangazi, hasa kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni. Mchwa anapenda kilichokwishachoka. Mche wenye kiu humwita. Kwa hiyo maji ya kiangazi cha kwanza na cha pili ndiyo kinga ya mwanzo: ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, imwagwe polepole. Matandazo ya majani makavu ni mazuri, ila yaache mbali na shina kwa upana wa viganja viwili. Usizike vipande vya mbao wala mabaki ya ujenzi ya mirunda kwenye shimo. Kama kuna kichuguu hai karibu, kusawazisha kwa jembe hakusaidii. Lazima malkia atoke, au utumie dawa ya mchwa iliyosajiliwa kwa kazi hiyo.

Ukivuta na mizizi ipo, ila imejikunja kama springi ya saa, endelea kusoma.

Umesimama tu, miaka miwili haujaongezeka hata shubiri

Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na miji mingine. Lile jiwe la Bismarck unaloliona ziwani ni kichwa tu cha ukoo mzima ulio chini ya ardhi. Kiwanja kinaweza kuwa na udongo wa sentimita 60, kisha granite pana kama sakafu ya kanisa. Mti unakua vizuri miaka mitatu ya kwanza, unafika chini, unagonga, unasimama. Kila kiangazi ncha zinakauka, kila masika zinachipua kidogo. Mwenye nyumba anabadilisha mbolea kila mwaka.

Kipimo chake ni rahisi na ningependa kila anayepanda mti mkubwa akifanye kabla ya kuchimba. Chukua nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja na nusu, subiri siku mbili baada ya mvua kubwa, iingize ardhini kwa nyundo mahali pa mti na pembeni pake, sehemu tano au sita. Ikigonga jiwe kila mahali kabla ya mita moja, sogea. Ikigonga sehemu moja na kuzama sehemu nyingine, ni jabali la peke yake na mizizi itazunguka. Mara nyingi mita tatu tu pembeni zinatosha kubadilisha kila kitu.

Kama mti umeshapandwa na uko juu ya jiwe, hutaondoa jiwe. Unaweza kuupa udongo kwa upana: tandaza samadi iliyooza na matandazo kuanzia nusu mita kutoka kwenye shina hadi kupita ncha za matawi, usifukie shina, na umwagilie duara hilo lote wakati wa kiangazi. Utaishi, lakini hautakuwa mnara.

Sababu ya pili ni kiriba. Nimeshafukua miti ya miaka sita na kukuta nailoni nzima bado imeuvaa mzizi. Aliyepanda alikata chini tu, au hakukata kabisa, kwa kuogopa udongo usimwagike. Mche uliokaa muda mrefu kwenye kiriba mizizi yake huzunguka ndani, na hata nailoni ikitoka itaendelea kuzunguka, kisha baada ya miaka inajinyonga yenyewe. Chana kiriba chote, kitoe, pitisha kisu wima pande tatu za mzizi kukata ile inayozunguka, ndipo upande. Nunua mche mdogo wenye afya, uache ule mrefu uliozeekea kitaluni. Najua ninachosema, maana ile mirefu ndiyo inayotuletea sisi wa vitalu bei nzuri.

Mti mzima unapauka, si tawi moja

Kuna maji na kuna saruji.

Kwenye tambarare zenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata kama lami masika, maji yanasimama na mizizi inakosa hewa. Chimba kishimo cha nusu mita karibu na mti. Kikijaa maji na kubaki hivyo siku nzima, au udongo ukinuka kama yai viza, umepata jibu. Araukaria na msaiprasi vyote havipendi miguu yao ilowe. Chimba mtaro wa kutoa maji, na safari nyingine panda juu ya tuta la nusu mita. Walio kandokando ya ziwa wanaijua hadithi hii kwa ukubwa wake: Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na mizizi ya miti mingi ya ufukweni ikazama. Watu waliniambia upepo wa ziwani una chumvi. Hapana, ziwa letu ni maji baridi, na hata lingekuwa bahari araukaria inaustahimili upepo wa chumvi. Miti ile ilikufa kwa kukosa hewa chini. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu. Usijenge bustani yako humo.

Saruji nayo hukaa kwenye nyumba mpya. Mafundi wamechanganyia zege palepale, wameoshea ndoo na makarai palepale, kisha mwenye nyumba amefukia na kupanda mti juu. Chokaa ya saruji inafanya udongo ushindwe kuachia madini ya chuma, na majani machanga ya kileleni ndiyo yanayopauka kwanza, ya zamani yakibaki kijani. Ukiona hivyo fukua. Utakuta tabaka la kijivu. Toa unachoweza, jaza udongo wa shambani na samadi iliyoiva. Usimwage urea, inasukuma majani mapya ambayo mizizi haiwezi kuyalisha.

Araukaria umeinama, au unatambaa

Chungu au kiriba kimoja kikiwa na miche mitatu hadi mitano iliyopandwa pamoja ili ionekane minene, kila mmoja hukimbia mwenzake na wote huinama nje. Wauzaji wengi hufanya hivyo. Igawanye ikiwa bado midogo, au chagua mmoja na uikate mingine usawa wa ardhi.

Mche unaokua kwa ubavu, bapa kama unyoya, usiotaka kabisa kusimama hata ukiufunga kwenye mti, ulizalishwa kwa kipandikizi cha tawi la pembeni. Kwa araukaria tawi la pembeni hubaki tawi la pembeni milele. Hakuna kamba wala mti wa kuegemeza utakaoubadilisha. Mrudishie aliyekuuzia. Mche mzuri unatoka kwenye mbegu, au kwenye kipandikizi cha kilele, na unautambua kwa zile duara kamili za matawi.

Ndugu yake araukaria, ule mwembamba wa New Caledonia uitwao Araucaria columnaris, una tabia ya ajabu: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliopima miti 256 kwenye mabara matano ulikuta inaegemea upande wa ikweta, kwa wastani wa zaidi ya nyuzi nane, na kadiri ulivyo mbali na ikweta ndivyo inavyoegemea zaidi. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Kwa hiyo mti wako wa Mwanza ukiegemea sana, usiutupie sababu hiyo. Tafuta ukuta unaoukinga mwanga, au mizizi iliyolegea upande mmoja. Utikise shina: udongo ukiinuka chini, mizizi haishiki, na huo ni mti wa kushughulikia wiki hii.

Umevaa kijivu au cheupe

Asubuhi unaamka, mti umefunikwa utando na vijidudu maelfu kwa maelfu. Ni vile visubi vya ziwani vinavyoinuka kama moshi mrefu juu ya maji na kusukumwa nchi kavu. Havili jani. Buibui ndio wanaokuja kuwala, wanasuka nyavu, nyavu zinashika vumbi. Maji ya mpira yanatosha, na tafadhali usipulize sumu kwa kitu ambacho kesho hakipo.

Cheupe cha kinyesi ni jambo jingine. Yangeyange na makorongo wakubwa wenye upara, wale wa karibu na mwalo wa Kirumba, wakiuchagua mti wako kulala, kinyesi chao kinachoma majani ya chini yake na kuyafanya kahawia. Osha kila siku chache. Wakishajenga viota, waache hadi makinda yaruke, kisha punguza matawi waliyokuwa wakiyakalia.

Ukahawia wa upande mmoja tu, chini, ukitazamana na mahali pa kuchomea taka, sina haja ya kuueleza.

Kilele kimekufa

Kama mtu alikikata, labda kwa sababu ya nyaya za umeme, araukaria utatoa vilele viwili au vitatu vipya kutoka kwenye shina. Acha mmoja ulionyooka zaidi, uondoe mingine ikiwa ingali michanga, la sivyo utapata panda itakayopasuka kwa upepo miaka ya mbele. Matawi ya chini yaliyokatwa hayarudi tena.

Kama hakuna aliyekikata, tazama gome. Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na mvua zake za usiku zinatafuta kilicho kirefu. Mchirizi wa gome uliobanduka kutoka juu hadi chini, wakati mwingine ukizunguka shina, na vipande vimerushwa mbali: hiyo ni radi. Subiri mvua za msimu mmoja uone kama utachipua. Usiwaruhusu watoto kucheza chini yake, kwa sababu matawi yaliyopikwa ndani huanguka siku tulivu isiyo na upepo.

Na kama mti huo uko mita tatu kutoka kwenye nyumba, kama ilivyo mingi, usingoje. Wengi waliupanda ukiwa kwenye chungu cha sebuleni Desemba, wakautoa nje Januari wakauweka pale palipokuwa wazi. Kwa araukaria na msindano mimi napima mita kumi na mbili kutoka ukutani, kwenye karo na kwenye nyaya, na sipandi pungufu ya hapo. Ulio karibu zaidi na umekufa kilele, tafuta wapandaji wenye kamba, waushushe kipande kwa kipande kuanzia juu. Usikubali akuambie ataukata chini na kuuelekeza kuanguka barabarani. Shina la mti uliopigwa na radi huwa limepasuka ndani, na halifuati upande alioupanga mkataji.